Magnesiamu, vifo vya ghafla vya vichanga na lawama anayobebeshwa mama

Kichanga akifa usingizini katika kijiji cha Makete au Kilolo, maziko hufanyika siku hiyo au kesho yake, na maelezo ya kifo huwa tayari kabla kaburi halijafukiwa. Wapo watakaosema mama kamlalia. Wapo watakaosema mtoto kabemendwa, kwamba mmoja wa wazazi alitoka nje ya ndoa wakati mtoto bado ananyonya. Wengine watataja degedege, na wengine watanong'ona jina la jirani. Karibu kila maelezo yamebeba mtu wa kulaumiwa, na mara nyingi mtu huyo ni mwanamke ambaye maziwa bado yanamjaa kifuani.

Kuna maelezo mengine ambayo yamekaa nusu karne katika majarida ya tiba na sasa yanawafikia wasomaji wa kawaida: kwamba baadhi ya vifo hivi vinatokana na upungufu wa magnesiamu, madini ambayo mtoto huyapata kwa mama yake, kwanza tumboni na baadaye kwenye ziwa. Hoja hii siidharau. Ilianzishwa na watu makini, ina mantiki ya kibiolojia, na inagusa lishe, jambo ambalo mikoa yetu ya Nyanda za Juu Kusini mwa Tanzania inafanya vibaya mno. Lakini haijathibitishwa, na sisi huku hatuna hata njia ya kuijaribu, maana vifo vyenyewe hatuvichunguzi. Ninachohofia ni kwamba ikifika kijijini kabla ya uchunguzi, itafanya kazi ileile ya kubemenda. Mtoto kafa kwa sababu mama hakula inavyotakiwa, basi, shauri limekwisha.

Chanzo chake kinatuhusu Waafrika moja kwa moja. Katika miaka ya 1960 daktari wa watoto Joan Caddell alifanya utafiti Nigeria kwa watoto wenye utapiamlo mkali. Aliona kwamba miili yao ilikuwa imepungukiwa magnesiamu, na kwamba waliopewa madini hayo pamoja na chakula walipata nafuu vizuri zaidi. Matokeo yake yalichapishwa mwaka 1967, na kazi ya aina hiyo haikupotea bure: hadi leo maziwa ya tiba anayopewa mtoto mwenye utapiamlo mkali wodini, yale ya F-75 na F-100, yanatiwa magnesiamu. Mwaka 1972 Caddell akapiga hatua ya pili. Katika jarida la Lancet aliuliza kama vichanga wanaofariki ghafla bila sababu kuonekana nao hawakupungukiwa na madini hayohayo. Alitazama ni watoto gani wanaokufa zaidi kwa namna hii, akakuta ni njiti, mapacha na waliozaliwa na uzito mdogo, yaani wale wanaozaliwa na akiba ndogo kisha wakakua kwa kasi.

Mantiki ya mwilini nayo ipo. Magnesiamu inafanya kazi katika mamia ya vimeng'enya, na kwenye mishipa ya fahamu, misuli na moyo inazuia kalsiamu isiingie kwenye seli kupita kiasi. Ikipungua sana, misuli hukakamaa, degedege huja, mapigo ya moyo huvurugika. Katika maabara, panya walionyimwa magnesiamu waliweza kupata kifafa na kufa papo hapo kwa kushtuliwa na sauti kubwa tu. Wafugaji wa ng'ombe wa maziwa na madaktari wa mifugo wanaujua ugonjwa wa namna hii: ng'ombe anayenyonyesha akila majani machanga mabichi yenye magnesiamu kidogo, anaweza kuanza kuyumba, akaanguka, akafa katika muda wa saa chache. Asubuhi alikamuliwa vizuri. Mtu akishaona kifo cha aina hiyo haoni ajabu daktari kujiuliza kuhusu kichanga aliyelazwa akiwa mzima na kukutwa amekufa.

Tatizo ni kuipima. Chini ya asilimia 1 ya magnesiamu ya mwili ndiyo iliyomo kwenye maji ya damu. Iliyobaki iko kwenye mifupa na ndani ya seli. Kwa hiyo kipimo cha damu kinaweza kusema hakuna tatizo wakati akiba imekauka. Na mtu akishafariki, seli zake huanza kuvujisha magnesiamu kwenye damu, kiasi kwamba sampuli ya maiti inadanganya upande wa pili. Vipimo vilivyofanywa baada ya 1972 havikuleta jibu moja. Caddell mwenyewe aliendelea kuitetea hoja kwa miaka mingi, akisisitiza kwamba upungufu huanzia tumboni, na mtafiti wa Ufaransa, Jean Durlach, akaiendeleza kwa njia yake. Hata hivyo hakuna jaribio lililoonyesha kwamba kumpa mama au mtoto magnesiamu kunapunguza vifo hivi. Nusu karne ni muda mrefu kwa hoja kubaki mlangoni.

Wakati huohuo jambo jingine, la kawaida kabisa, lilikuwa likiua watoto kwa maelfu huko Ulaya, Marekani na Australia, na waliolihubiri walikuwa wataalamu wenyewe. Kwa miaka mingi wazazi waliambiwa wawalaze watoto kifudifudi, wasije wakapaliwa na matapishi. Watafiti wa Australia, Uingereza na New Zealand walionyesha kwamba ulalaji huo ulikuwa hatari kubwa, na Uingereza ilianza kampeni ya kuwalaza watoto chali mwishoni mwa 1991. Marekani ilifuata na kampeni yake mwaka 1994, na katika muongo huo vifo vya ghafla vya vichanga vilipungua kwa zaidi ya nusu. Mwaka 2005 uchambuzi wa tafiti za zamani ulionyesha jambo la kuumiza: ushahidi wa hatari ya kulala kifudifudi ulikuwa tayari upo kufikia 1970, na kama ungekusanywa wakati ule, vifo zaidi ya 10,000 Uingereza na visivyopungua 50,000 katika Ulaya, Marekani, Australia na New Zealand vingeweza kuzuilika. Fikiria hilo. Miaka ileile ambayo wanasayansi walikuwa wakisaka madini kwenye damu ya maiti, jibu kubwa lilikuwa kwenye namna mtoto alivyolazwa.

Hofu ya kupaliwa naisikia kwa mabibi wa huku pia, na haifai kubezwa, maana inatoka kwenye uzoefu wa kulea. Jibu lake liko kwenye maumbile. Mtoto akilala chali, njia ya hewa inakuwa juu ya njia ya chakula, kwa hiyo maziwa yanayorudi hushuka kuelekea tumboni. Akilala kifudifudi, njia ya hewa ndiyo iko chini. Nchi zilizogeukia chali hazikuona ongezeko la watoto kufa kwa kupaliwa. Na mwaka 1985, kabla ya kampeni zote hizo, daktari D. P. Davies aliripoti kutoka Hong Kong kwamba kifo hiki kilikuwa nadra sana kule, mahali ambapo watoto walizoea kulazwa chali.

Maelezo yanayokubaliwa zaidi leo hayatafuti sababu moja. Mwaka 1994 watafiti Filiano na Kinney walipendekeza kwamba kifo hutokea pale mambo matatu yanapokutana: mtoto mwenye udhaifu fulani usioonekana, umri wa hatari, hasa kati ya miezi 2 na 4, na jambo la nje linalomlemea, kama kulala kifudifudi, joto kupita kiasi au uso kufunikwa. Uchunguzi wa Hannah Kinney na wenzake ulikuta kasoro za serotonini, kemikali inayopeleka ujumbe kati ya seli za fahamu, kwenye shina la ubongo la baadhi ya watoto hao, sehemu inayomwamsha mtoto pale hewa inapomwishia. Magnesiamu, kama ina nafasi, ingeingia hapo kwenye udhaifu usioonekana. Mimi naona hapo ndipo mahali pake pa haki: dhana inayongoja ushahidi, nyuma ya mambo ambayo tayari yana ushahidi.

Sasa turudi nyumbani. Kitaalamu, kifo hakiitwi kifo cha ghafla cha kichanga kisicho na sababu mpaka mambo matatu yafanyike na yote yashindwe kutoa jibu: mwili kupasuliwa na kuchunguzwa, mahali alipolala kukaguliwa, na historia ya afya yake kupitiwa. Vijijini kwetu kwa kawaida hakuna hata moja kati ya hayo. Utafiti wa afya na idadi ya watu wa mwaka 2022 ulikuta kwamba nchini kati ya watoto 1,000 wanaozaliwa hai, 33 hufa kabla ya kutimiza mwaka mmoja, na 24 kati yao hufa ndani ya mwezi wa kwanza. Wale 9 waliobaki, wanaokufa kati ya mwezi wa pili na wa kumi na mbili, ndio walio kwenye umri tunaouzungumzia. Wengi wao huchukuliwa na nimonia, malaria na kuhara. Katika hao wamo pia waliokufa usingizini bila homa wala kikohozi, na hao hakuna anayewahesabu peke yao. Huwezi kusema mkoa wa Mbeya una tatizo la magnesiamu kwa vichanga, wala huwezi kusema hauna.

Yapo mambo ambayo hayahitaji maabara kuyaona. Kipupwe cha Juni na Julai huku si cha mchezo. Kitulo, Makete, Njombe, Mufindi na milima ya Uporoto huamka umande umeganda kwenye majani. Usiku wa namna hiyo jiko la mkaa huingizwa chumbani, mlango na dirisha hufungwa, familia hulala. Hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa, kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu, na huishika damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200. Kichanga anayepumua haraka kuliko mtu mzima anaivuta mapema. Mtu mzima anaweza kuamka na kichwa kinachogonga akadhani ni mafua, huku mtoto pembeni yake haamki. Kifo hicho kina jina na kina sababu, lakini pasipo mtu wa kuuliza jiko lilikuwa wapi, kitazikwa pamoja na vile visivyojulikana. Mtu akiniuliza nianze na nini Nyanda za Juu Kusini kati ya magnesiamu na jiko la mkaa, nitasema jiko bila kusita.

Baridi hiyohiyo hutufanya tuwafunike watoto kupita kiasi: kofia ya sufu, vitenge viwili, blanketi zito linalopita juu ya uso. Kichanga hupoza mwili kwa sehemu kubwa kupitia kichwa na uso, na kufunikwa kichwa ni miongoni mwa hatari zinazojulikana vizuri. Kulala na mama kitanda kimoja ni mila yetu, inarahisisha kunyonyesha, na sitamwambia mama wa Ludewa amnunulie mtoto kitanda chake. Kunyonyesha kwenyewe ni kinga. Watoto walionyonyeshwa angalau miezi miwili wameonekana kuwa na hatari iliyopungua kwa karibu nusu. Hatari ya kitanda kimoja hupanda pale pombe inapoingia. Msimu wa ulanzi Iringa, au palipo na komoni na kimpumu, mtu mzima aliyelewa hapaswi kulala karibu na kichanga, awe baba, mama au shangazi. Hili huwa halisemwi kliniki kwa uwazi unaostahili, labda kwa kuona haya.

Upande wa lishe ndiko hoja ya magnesiamu inakotusaidia hata kama itashindwa kwa vichanga. Mikoa hii inalisha nchi. Mahindi, maharage, viazi mviringo, maziwa na parachichi vinatoka huku kwa malori. Utafiti uleule wa 2022 ulikuta udumavu wa watoto wa chini ya miaka 5 nchini ni asilimia 30, lakini Iringa ni asilimia 57, Njombe na Rukwa asilimia 50. Mjamzito anahitaji takriban miligramu 350 za magnesiamu kwa siku, na vyakula vilivyojaa madini hayo ni vile tunavyovilima: maharage, karanga, ulezi, mbegu za maboga, mboga za majani ya kijani. Kisha tunapeleka mahindi kwenye mashine ya kukoboa, tunaondoa ganda na kiini ambako sehemu kubwa ya magnesiamu, zinki na vitamini imekaa, tunabaki na sembe nyeupe. Pumba inakwenda kwa nguruwe. Mama anashinda shambani mpaka wiki za mwisho za ujauzito, anarudi kusonga ugali wa sembe kwa mboga kidogo, na mbegu za maboga zinatupwa au zinabaki za kupanda. Hilo linahitaji kurekebishwa kwa sababu zake lenyewe, iwe linahusiana na vifo vya usingizini au halihusiani.

Hapa nataka kuwatetea akina mama kwa jambo la hakika. Tafiti zinaonyesha kwamba kiasi cha magnesiamu katika maziwa ya mama hakibadiliki sana kufuatana na alichokula. Kiwango kinachopendekezwa kwa mtoto wa chini ya miezi 6, miligramu 30 kwa siku, kilikadiriwa kutokana na maziwa ya mama yenyewe. Kwa hiyo anayemwambia mzazi kwamba maziwa yake "hayana madini" na amnunulie mtoto virutubisho, anamtisha pasipo msingi na huenda akamfanya aache kunyonyesha, jambo ambalo lenyewe huongeza hatari.

Na magnesiamu si kitu cha kuchezea. Muulize mkunga yeyote aliyefanya kazi kwenye wodi ya wazazi, iwe Meta pale Mbeya au hospitali ya wilaya. Magnesiamu salfeti ndiyo dawa ya kifafa cha mimba. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2002, uliohusisha wanawake takriban 10,000 katika nchi 33, ulionyesha kwamba inapunguza hatari ya kifafa hicho kwa zaidi ya nusu. Ni dawa iliyookoa wanawake wengi, na niko upande wake kabisa. Lakini mkunga haitoi na kuondoka. Kila anapotaka kuongeza dozi anagonga goti la mama kuona kama linaruka, anahesabu pumzi, anapima mkojo, na kalsiamu glukoneti, dawa ya kuizima, iko karibu, kwa sababu magnesiamu ikizidi hulegeza misuli na kusimamisha pumzi. Mwaka 2013 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya dhidi ya kuwapa wajawazito sindano hizo kwa zaidi ya siku 5 hadi 7 mfululizo, baada ya kuonekana madhara kwenye mifupa ya watoto waliokuwa tumboni. Kama ndivyo ilivyo kwa mtu mzima aliye chini ya uangalizi, kumpa kichanga unga au matone ya magnesiamu nyumbani, ilhali figo zake bado hazijakomaa, ni kumweka kwenye hatari ya kweli kwa ajili ya kinga ya kudhaniwa.

Kuhusu lawama, tusidhani ni ujinga wa vijijini. Australia, nchi yenye maabara na mahakama za uhakika, ilimfunga Kathleen Folbigg mwaka 2003 kwa vifo vya watoto wake wanne. Alikaa gerezani miaka 20. Baadaye wanasayansi waligundua kwamba binti zake wawili walikuwa na mabadiliko kwenye jeni ya CALM2, inayohusika na protini inayoshirikiana na kalsiamu kuongoza mapigo ya moyo. Alisamehewa Juni 2023 na hukumu zake zikafutwa Desemba mwaka huohuo. Jeni hiyo haikuweza kuonekana bila uchunguzi, na pasipo uchunguzi jamii ilichukua kilichokuwa karibu, ambacho ni mama. Kwetu mama hapelekwi mahakamani. Anarudishwa kwao, au anabaki kwenye nyumba ambayo mawifi hawamsemeshi, na ujauzito unaofuata anaubeba kwa hofu.

Uchunguzi unaotufaa si lazima uanze na upasuaji wa maiti. Taasisi ya Afya ya Ifakara, ng'ambo tu ya milima ya Udzungwa, kwa miaka mingi imetumia mahojiano na wafiwa huko Kilombero na Rufiji ili kukadiria chanzo cha kifo kilichotokea nyumbani. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii wapo tayari katika mitaa na vijiji vyetu, na wanajua nyumba yenye mtoto mchanga. Halmashauri za Iringa, Njombe, Mbeya na Songwe zinaweza kuwapa ukurasa mmoja wa maswali ya kuuliza kwa upole wiki chache baada ya maziko: mtoto alilazwa chali, ubavu au kifudifudi, alilala na nani, na kuna aliyekuwa amekunywa, jiko lilikuwa chumbani, uso ulifunikwa na nini, alizaliwa na uzito gani, miezi imetimia au haijatimia, alikuwa na mafua au homa siku mbili zilizotangulia, mama alipata kifafa cha mimba, familia imewahi kupoteza mtoto mwingine kwa namna hiyo, au kijana aliyeanguka akafa ghafla. Baada ya miaka michache ya karatasi hizo ndipo mtafiti wa magnesiamu atakuwa na pa kuanzia.

Swali la chakula cha mama wakati wa ujauzito liwemo pia, mradi baba aulizwe lake: magunia mangapi yaliuzwa mwaka ule, na nani aliamua mahindi ya nyumbani yakobolewe.